Antibayotiki kwa mama aliyejifungua: nani apewe, saa ngapi, kwa siku ngapi

Wodi nyingi za wazazi zina kasoro mbili zinazopingana. Mama aliyejifungua salama anaruhusiwa na pakiti ya amoksilini ya siku tano "ili kujihadhari", na yule ambaye siku ya sita anapata homa na maumivu ya tumbo la chini anaanza kwa panado na dawa ya malaria, akifika hospitali ni siku ya tisa na damu inanuka. Wa kwanza hakuhitaji dawa. Wa pili alihitaji dawa nyingi, mshipani, siku tatu zilizopita. Maelekezo haya ni kwa mkunga, muuguzi na tabibu anayeandika dawa hizo, ila sehemu za mwisho zinamhusu mama mwenyewe na anayemuuguza.

Kinga ni kitu kimoja, tiba ni kingine

Dawa ya kinga inafanya kazi ikiwa imeshafika kwenye damu na nyama kabla bakteria hawajaingia. Dozi moja inatosha, kwa sababu hatari iko kwenye dakika za kukata, kuvuta au kuingiza mkono. Dawa ya tiba ni kwa mtu ambaye tayari ana maambukizi: dozi kamili, saa maalumu, chanzo kinachojulikana, na tarehe ya kusimama.

Katikati ya hizo mbili pamezuka kitu cha tatu kisicho na msingi: vidonge vya siku tano au saba kwa mtu asiyeumwa. Kwa kinga vimechelewa, na kwa tiba ni dhaifu. Amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku haiwagusi bakteria wengi wa utumbo, ambao ndio hasa wanaopanda kwenye mji wa mimba, na wengi wao wameshazoea dawa hiyo. Kinachobaki ni kuharisha, fangasi ukeni, utandu mweupe kwenye ulimi wa mtoto, gharama kwa familia, na bakteria sugu watakaomngoja mama huyu kwenye uzazi ujao.

Wasiohitaji

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 yako wazi: mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo hapewi antibayotiki ya kinga. Aliyeongezwa njia, yaani aliyekatwa msamba kidogo ili mtoto atoke, hapewi. Maji ya uzazi kuwa na kinyesi cha mtoto, peke yake, si sababu. Msamba uliochanika daraja la kwanza au la pili hauna tofauti na kuongezwa njia: shona vizuri, basi.

Hapa ndipo ubishi unapozuka, kwa sababu mshono ule uko jirani na haja kubwa na mtu anaona aibu kumruhusu mama mikono mitupu. Lakini nyama ya msamba ina mishipa mingi ya damu na hupona haraka. Unapoharibika, mara nyingi sababu ni uzi uliovutwa kupita kiasi ukanyima nyama damu, donge la damu lililoachwa chini ya mshono, au glavu na sindano zilizogusa kitanda. Hakuna kidonge kinachorekebisha hayo. Mpe mama kazi hizi badala ya vidonge: anawe mikono kabla na baada ya kubadilisha pedi, abadilishe kila saa nne hadi sita hata kama haijajaa, ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma kwa maji safi, akaushe kwa kugusagusa, asipake wala kuingiza chochote. Kwa maumivu, parasetamo gramu 1 kila saa sita hadi nane.

Wanaohitaji dozi moja, na moja tu

Upasuaji wa kujifungua ni wa kwanza, na hapa ndipo dozi moja inaokoa zaidi kuliko mahali pengine popote. Sefazolini ndiyo chaguo la kwanza: gramu 1 mshipani kwa mama aliye chini ya kilo 80, gramu 2 kuanzia kilo 80, gramu 3 kuanzia kilo 120. Haipo? Ampisilini gramu 2 mshipani. Iingie ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi. Kwa vitendo, ni ile nafasi ambapo anayetoa ganzi anamlaza mama na kuosha mgongo wake. Zamani ilisubiriwa kitovu kikatwe ili mtoto asipate dawa, na wapo wanaoendelea hivyo hadi leo. Kusubiri huko kunamaanisha ngozi, misuli na mji wa mimba vyote vimefunguliwa dawa haipo. Kama mama amepoteza damu inayozidi mililita 1500, rudia dozi mezani.

Baada ya hapo, hakuna nyingine. Si seftriaksoni ya saa 24, si Flagyl (metronidazoli) ya siku tatu, si vidonge vya kwenda navyo nyumbani.

Anayeona hilo haliwezekani kwenye mazingira yetu atazame Mwanza. Hospitali ya Bugando ilipima jambo hili kwa kina mama 500 waliopasuliwa, ikachapisha matokeo mwaka 2013: nusu walipata dozi moja ya jentamaisini na metronidazoli kabla ya kisu, nusu wakapata dozi hizo na kuendelea nazo baada ya upasuaji. Maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 4.8 kwa waliopata dozi moja na asilimia 6.4 kwa waliopata nyingi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema dozi moja ni bora zaidi, ila inatosha kuonyesha kwamba nyingi hazikuongeza kitu. Kule Thika, Kenya, hospitali ilihamisha dawa kutoka baada ya upasuaji kwenda kabla yake, kwa upasuaji wa aina zote, na kidonda hakikuharibika zaidi. Kilichopungua ni sindano na kazi ya muuguzi wa usiku.

Ila dozi moja haifichi uzembe. Mama aogeshwe, nywele zisinyolewe kwa wembe (wembe unaacha michubuko isiyoonekana, kata kwa mkasi ikibidi), ngozi ipakwe klorheksidini yenye spiriti na iachwe ikauke, uke usafishwe kwa povidoni ya ayodini kabla ya upasuaji.

Wengine wanaostahili dozi moja: mama aliyetolewa kondo la nyuma kwa mkono (ampisilini gramu 2 au sefazolini gramu 1 mshipani, kabla mkono haujaingia), na mama aliyechanika daraja la tatu au la nne, yaani hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa au kuipenya kabisa. Huyu wa pili ahakikishiwe dawa inayogusa pia bakteria wa utumbo, kama ampisilini pamoja na metronidazoli, kwa mujibu wa mwongozo wa nchi yako.

Aliyezalishwa kwa vakyumu au koleo ameingia kwenye orodha baadaye. Mwaka 2015 jibu lilikuwa hapana. Kisha utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2019 ukaonyesha kwamba dozi moja ya amoksilini gramu 1 yenye asidi ya klavulaniki miligramu 200, mshipani, mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kutoka na isipite saa sita, ilishusha maambukizi kutoka asilimia 19 hadi 11. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likabadili jibu. Kama bango la ukutani kwenu bado ni la zamani, libandueni.

Kuna dozi moja nyingine inayozungumzwa sana: azithromaisini gramu 2 ya kunywa wakati wa uchungu. Utafiti wa nchi saba, Kenya na Kongo zikiwemo, ulichapishwa 2023: akina mama waliopangiwa kujifungua kawaida walipopewa dozi hiyo, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa hadi kudhuru viungo vya mwili) au kifo cha mama vilishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Kwa mtoto haikubadili kitu. Muhimu ni kwamba ilitolewa wakati wa uchungu, chini ya uangalizi. Azithromaisini ya siku tatu inayouzwa duka la dawa kwa mama wa siku ya nne haina uhusiano wowote na matokeo hayo.

Homa: tafuta chanzo kabla ya kushika bomba la sindano

Homa baada ya uzazi ni nyuzi 38 au zaidi kwa kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso haupimi.

Anza na saa. Mama ana homa na anatetemeka saa mbili baada ya kujifungua? Tazama faili kama alipewa misoprosto, ile dawa ya kuzuia kutoka damu baada ya uzazi. Dawa hiyo, hasa mikrogramu 600 za kumeza au 800 za chini ya ulimi, huleta baridi kali na homa inayoweza kupita nyuzi 39, kisha inashuka yenyewe ndani ya saa chache. Mpe parasetamo, mfunike, pima tena baada ya saa moja na mbili. Akiwa hakupewa misoprosto, au homa haishuki, au alikuwa na homa kabla ya kujifungua, hiyo ni hadithi nyingine.

Siku ya tatu hadi ya tano maziwa yanaingia, matiti yote mawili yanajaa, yanakuwa magumu kama ubao na joto linapanda kidogo. Tiba ni kunyonyesha mara kwa mara, kukamua kidogo ili mtoto ashike chuchu, na kitambaa cha baridi kati ya kunyonyesha na kunyonyesha.

Kisha mkague mwili mzima, kwa mpangilio uleule kila mara ili usisahau kitu. Matiti. Mapafu. Tumbo la chini: je, mji wa mimba unauma ukibonyezwa, je, ni mkubwa kuliko siku yake? Pedi: damu ya nifasi ina harufu gani, ni nyingi? Msamba au kidonda cha upasuaji, kifunuliwe bandeji na kutazamwa kwenye mwanga, si kuulizwa tu. Kiuno upande wa figo. Ndama za miguu, kwa sababu damu iliyoganda mguuni nayo huleta homa. Mahali palipo na kanyula, ule mpira mdogo wa dripu mshipani.

Pima malaria kwa kipimo cha haraka, na ukikuta ipo, itibu. Lakini kipimo chanya hakifuti tumbo linalouma. Katika maeneo yenye malaria nyingi mama anaweza kuwa na vyote viwili, na kinachomuua mara nyingi ni yale maambukizi mengine yaliyoachwa. Kuhusu kipimo cha taifodi cha tone la damu kinachofanywa kila kona: kwa mama wa nifasi mwenye homa kinapotosha kuliko kusaidia. Achana nacho.

Maambukizi ya mji wa mimba

Homa, tumbo la chini linalouma, damu ya nifasi yenye harufu mbaya au usaha: huo ni mji wa mimba. Aliyepasuliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, aliyepasukiwa na chupa siku mbili kabla, aliyepimwa njia mara kumi, hao ndio wanaoongoza. Hapa vidonge havitoshi. Alazwe.

Dawa inayopendekezwa ni klindamaisini miligramu 600 mshipani kila saa nane, pamoja na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa saa 24. Pasipo na klindamaisini, na vituo vingi vya afya havina, tumia tatu: ampisilini gramu 2 mshipani kila saa sita, jentamaisini kwa dozi ileile, na metronidazoli miligramu 500 mshipani kila saa nane. Kila moja ina kundi lake la bakteria. Ukiondoa metronidazoli, umewaacha wale wasiohitaji hewa, ambao ndio wanaoleta ile harufu.

Jentamaisini ndiyo inayokosewa kuliko zote. Wengi wamezoea kichupa kimoja cha miligramu 80 kila saa nane kwa kila mtu. Piga hesabu. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 300 kwa siku, kwa mkupuo mmoja. Kichupa cha miligramu 80 kina mililita 2, yaani miligramu 40 kwa mililita. 300 gawa kwa 40 ni mililita 7.5. Vunja vichupa vinne, acha nusu mililita. Weka kwenye mililita 100 za nomosalaini (maji ya chumvi ya dripu), ipite kwa dakika 30. Dozi kubwa ya mara moja inaua bakteria vizuri zaidi na inaipa figo muda wa kupumua. Kabla ya dozi ya pili hakikisha mkojo unatoka. Mama aliyekuwa na kifafa cha mimba, aliyepoteza damu nyingi, au anayechomwa diklofenaki kila saa nane ana figo zilizo kwenye hatari. Pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kama mkojo ni kidogo mwulize daktari kabla ya kuendelea.

Usichanganye jentamaisini na ampisilini kwenye bomba moja au chupa moja ya dripu, maana ampisilini inaiua nguvu jentamaisini. Toa moja, safisha mpira kwa nomosalaini, kisha nyingine. Na kama umelazimika kutumia seftriaksoni, usiichanganye na dripu ya Ringa: kalisi iliyomo inagandana na dawa. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokeni, dawa ya ganzi, ni ya msuli tu. Ikiingia mshipani inaweza kusimamisha moyo.

Endelea hadi mama akae saa 48 bila homa. Halafu simama. Hakuna vidonge vya kumalizia; kwa maambukizi ya mji wa mimba yasiyo na usaha uliojificha, havikuonyesha faida. Jambo hili huwa gumu kukubalika, na wauguzi wengi hujisikia wamemkosea mama. Hawajamkosea.

Saa 72 zimepita na homa ipo palepale? Usibadili dawa kwanza. Mrudie mgonjwa. Je, kuna kipande cha kondo kilichobaki? Damu inayotoka nyingi na mlango wa kizazi uliobaki wazi vinaelekeza huko, na kipande kikibaki ndani hakuna dawa duniani itakayomponya hadi kitolewe. Je, kuna jipu la nyonga, usaha chini ya kidonda, donge la damu? Je, ni titi? Je, dozi zilitolewa kweli, au dozi za usiku zilirukwa kwa sababu kanyula ilitoka? Angalia karatasi ya dawa kabla ya kulaumu usugu. Piga picha ya ultrasaundi, chukua damu ya kuotesha kama maabara inaweza, na omba rufaa. Mara chache ni damu iliyoganda kwenye mishipa ya nyonga ikashika maambukizi, na huyo anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande juu ya antibayotiki.

Sepsisi haisubiri majibu

Mama wa nifasi anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha iko chini ya 90, amechanganyikiwa au analala kupita kiasi, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa: huyo anakufa kwa saa, si kwa siku. Wengine hawana homa kabisa. Mwili wa baridi chini ya nyuzi 36 ni ishara mbaya kuliko homa. Pumzi ndiyo ya kwanza kubadilika na ndiyo inayopimwa kwa uvivu. Hesabu dakika nzima.

Antibayotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja. Kama una chupa za kuotesha damu, chukua kwanza, ila usicheleweshe dawa kwa ajili yake. Toa maji mililita 500 kwa kasi, mtazame, sikiliza mapafu, rudia kama anahitaji. Aliyekuwa na presha ya mimba apewe kwa tahadhari zaidi. Oksijeni. Mpira wa mkojo. Na tafuta chanzo cha kutoa: kondo, usaha, nyama iliyokufa.

Zahanati isiyo na kitanda cha kulaza isimtume mikono mitupu. Ampisilini gramu 2 na jentamaisini miligramu 5 kwa kilo, mshipani au, mshipa ukikosekana, msulini kwa kugawa sehemu mbili au zaidi. Metronidazoli kama ipo. Andika jina la dawa, kiasi na saa kwenye karatasi ya rufaa kwa herufi zinazosomeka, vinginevyo anayempokea atarudia jentamaisini.

Kidonda, titi, mkojo

Kidonda cha upasuaji chenye wekundu kidogo na maji kinahitaji kufunguliwa uzi mmoja au miwili, kusafishwa na kuachwa kipumue. Usaha ukiwepo, toa nyuzi za ngozi, osha kila siku. Antibayotiki juu ya usaha uliofungiwa ni kazi bure. Kwa msamba vivyo hivyo: maambukizi madogo hayahitaji dawa, yakiwa makali lakini hayajaingia ndani, ampisilini miligramu 500 mara nne na metronidazoli miligramu 400 mara tatu, siku tano. Ngozi inayobadilika kuwa ya zambarau au kijivu, maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, mlio kama wa mchele chini ya vidole ukibonyeza: hiyo ni nyama inayooza, na mama aende chumba cha upasuaji leo, si kesho.

Titi moja lenye sehemu nyekundu, gumu, linalouma, huanza kama maziwa yaliyokwama na uvimbe. Saa 24 za mwanzo: kunyonyesha kama kawaida bila kukamua kupita kiasi, kitambaa cha baridi, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya kula. Kulikanda titi kwa nguvu, kama mabibi wengi wanavyoelekeza, huumiza tishu na kuongeza uvimbe. Mshike bibi mkono kwa heshima. Homa ikiendelea au hali ikizidi, kloksasilini au flukloksasilini miligramu 500 kila saa sita kwa siku 10, tumbo likiwa tupu. Amoksilini haifai hapa, kwa kuwa bakteria wa ngozi wanaosababisha wengi wao huivunja. Mama asiache kunyonyesha titi hilo. Donge linalocheza majimaji ni jipu: linyonywe kwa sindano au lipasuliwe.

Mkojo unaochoma siku ya pili unaweza kuwa mchubuko tu. Pima. Maambukizi ya kibofu, bila homa wala maumivu ya kiuno, yanatibika kwa nitrofurantoini siku tano, isipokuwa kama mtoto ana manjano, alizaliwa njiti, au ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo nadra ukanda wa pwani. Kiuno kikiuma na homa ikiwepo, ni figo, na dawa inaanza mshipani.

Maziwa ya mama na dawa

Ampisilini, amoksilini, kloksasilini, sefazolini, seftriaksoni, jentamaisini, metronidazoli za dozi ya kawaida: zote mama ananyonyesha. Mtoto anaweza kulegeza choo. Kama ananyonya na kukojoa vizuri, hakuna la kufanya. Metronidazoli inaacha ladha ya chuma mdomoni na mama atadhani maziwa yameharibika. Mwambie mapema. Dozi kubwa ya gramu 2 kwa mkupuo ndiyo inayohitaji kukamua na kumwaga kwa saa 12 hadi 24.

Kloramfeniko iepukwe. Septrini iepukwe mtoto akiwa njiti au ana manjano. Lakini mama anayeishi na VVU ambaye yuko kwenye septrini ya kila siku asiiache mwenyewe, azungumze na kliniki yake. Doksisaiklini na siprofloksasini si dawa za kuanzia kwa mama wa nifasi.

Anayesema "nina aleji na penisilini" aulizwe ilikuwaje. Kichefuchefu au kuharisha si aleji. Vipele vya kuwasha, uso kuvimba, kifua kubana ndani ya saa moja, hiyo ni aleji, na iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Kwa upasuaji wake itumike klindamaisini miligramu 900 na jentamaisini.

Ukiwa nyumbani

Mama, rudi kituoni siku hiyohiyo ukiona mojawapo: baridi kali au joto la nyuzi 38, tumbo la chini linalozidi kuuma badala ya kupungua, damu inayonuka au inayoloanisha pedi chini ya saa moja, kidonda kinachotoa usaha au kufunguka, titi jekundu lenye homa, kupumua kwa haraka, kuzunguzwa. Usiseme ni chango. Maumivu ya mji wa mimba kurudi huja kwa mawimbi, hasa mtoto akinyonya, na hupungua ndani ya siku chache. Maumivu ya maambukizi yanakaa na kuongezeka.

Kukandwa kwa maji ya moto hakutoi usaha wala damu mbaya, na yakiwa moto sana yanaunguza na kufungua mshono. Kuoga maji ya vuguvugu ni sawa. Kukalia moshi, kuingiza majani, kitunguu saumu au maji ya chumvi ukeni ni njia ya kupandisha bakteria.

Usinunue rangi mbili, Ampiclox au vidonge viwili viwili dukani. Hata vikitokea kuwa dawa sahihi, vinashusha homa kwa siku moja na kumfanya daktari akose kuona ugonjwa. Ukiandikiwa dawa ya tiba, tumia kwa saa ulizoelekezwa na umalize siku ulizoandikiwa; zikibaki, rudisha famasia, usimpe jirani aliyejifungua juzi.

Rudi pia ukiwa mzima. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe angalau kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya sita. Maambukizi mengi ya upasuaji hujitokeza baada ya mama kuruhusiwa, kwa hiyo ile ya pili usiikose. Kabla hujatoka wodini, hakikisha kadi yako imeandikwa mambo manne: ulijifunguaje, dawa gani ulipewa na saa ngapi, kama kondo lilitoka zima, na simu ya wodi ya kupiga usiku.